Maji Kwenye Chumba cha Mama

Mama aliponiambia kwamba Pasaka ikimkuta bado yuko kule juu nimrudishe Tukuyu, nilijua hatanii. Mama yangu hutania mambo yote, hata kile kiharusi kilichomlegeza mguu na mkono wa kushoto amekitungia vichekesho, lakini safari hatanii nazo. Alilisema mara moja, jioni ya Desemba, akichambua karanga kwenye sinia, na hakulirudia. Angelirudia ningepata nafasi ya kubishana naye.

Kule juu ni ghorofa ya tatu ya jengo la matofali huko Takoma Park, Marekani. Jengo zuri tu, karibu na stesheni, majirani wastaarabu, ila waliolijenga hawakuwaza kwamba binadamu huzeeka. Halina lifti. Kabla ya kiharusi Mama alizishuka ngazi zile akiimba, akaenda kanisani kwa miguu, akarudi na habari za watu wote. Baada ya kiharusi ikawa akitaka kutoka, waje wanaume wa kanisa wambebe kwenye kiti. Alivumilia kwa muda. Siku moja walipofika naye kwenye kona ya ngazi mmoja akateleza kidogo, kiti kikayumba, na Mama akaamuru arudishwe juu. "Mimi si gunia la viazi," alisema, na yeye ni mtu wa Rungwe, viazi anavijua. Tangu hapo hakushuka tena ila kwenda kwa daktari.

Kazi yangu ni kutunza wazee, na hilo ndilo lililokuwa likinitafuna. Asubuhi nawasukuma wazee wa watu kwenye viti vya magurudumu, nawaingiza kwenye lifti, nawatoa bustanini waote jua, nawasifia kofia zao. Jioni narudi kwa mzee wangu mwenyewe, namkuta dirishani anatazama watu wakiegesha magari. Alikwisha kulijua gari la kila mpangaji. Alijua hata nani kagombana na mkewe, kwa namna anavyofunga mlango wa gari.

Na Tukuyu hakuna mtu. Mdogo wangu aliyekuwa akikaa naye tulimzika. Nyumba imefungwa, jirani anaichungulia akikumbuka, na daktari wa presha yuko mbali, Mbeya mjini. Kumrudisha Mama ilikuwa sawa na kumpeleka akafie peke yake. Yeye alilijua hilo, nami nilijua kwamba analijua. Alikuwa ameamua tu kwamba afadhali hivyo kuliko dirisha.

Basi nikaanza kutafuta nyumba. Dalali wangu alikuwa Mkenya wa Nakuru, mwanamume wa makamo aliyevaa tai hata siku za theluji, na aliyeniita "madam" hata nilipomkaripia, na nilimkaripia sana. Nilimpa sharti moja: Mama aingie na kutoka bila kupanda ngazi hata moja. Akasema, "Madam, hiyo si shida." Ilikuwa shida. Nyumba za huku, za bei ninayoiweza, ukifungua mlango tu unakutana na ngazi, nusu zinapanda, nusu zinashuka, na mwenye nyumba amesimama katikati asijue aende wapi. Tuliuzunguka mji wa Laurel wote, tukavuka hadi Springfield, tukarudi. Nilifika mahali pa kuwachukia wachora ramani za nyumba wote, wazima na wafu.

Ile tuliyoipata Laurel nayo ilikuwa na ngazi mlangoni. Lakini imejengwa kwenye mteremko, kwa hiyo chumba cha chini, ukizunguka kwa nyuma, kiko usawa wa ardhi. Kina mlango wake wa vioo wa kusukuma pembeni, na bafu dogo. Unatoka chumbani unakanyaga majani. Nilisimama pale nikawa natoka na kuingia, natoka na kuingia, mpaka dalali akaniuliza kama nimepoteza kitu. Vyumba vya juu sikuvitazama vizuri. Wangeniambia nyumba haina paa ningesema tutaezeka.

Ilikuwa nyumba ya benki. Mwenyewe alishindwa kulipa mkopo, benki ikaitwaa, ikakaa tupu. Kwenye ukuta wa chumba kimoja palikuwa na alama za penseli za kumpima mtoto urefu, nami niliziomba radhi kimoyomoyo. Dalali alinieleza kwamba nyumba za namna hii huuzwa kama zilivyo: benki haipaki rangi wala haibadilishi kitasa, ukiipenda ichukue, usipoipenda iache. Kwa lugha yetu ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, ila hawa wanakuruhusu kwanza ulipapase gunia. Tukalipapasa. Mkataba wa awali tulikuwa tumeshausaini. Januari akaja fundi mkaguzi, maji yakafunguliwa ili ajaribu mabomba, akasema nyumba ni nzima, imezeeka tu. Ikabaki siku ya mwisho ya kusaini na kukabidhiwa funguo, ambayo watu wa huku wanaiita klozingi, na ilipangwa mwanzoni mwa Machi. Pasaka ilikuwa mbali. Nilijiona mjanja sana.

Siku chache kabla ya kusaini, mnunuzi huruhusiwa kuingia mara ya mwisho ahakikishe nyumba iko kama alivyoiacha. Ni jambo la muda mfupi, unawasha taa, unazima, unaondoka. Mimi nilikwenda na akina mama wa kanisa.

Sikuwaalika. Mwenyekiti wetu wa akina mama, Mchaga mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, alisikia habari akasema nyumba haiombewi baada ya kusaini. "Ukishasaini utakuwa unaombea deni," alisema. "Tunaiombea sasa, ili Mungu akiona haifai aizuie." Wakaja wamejazana kwenye magari, na mifagio juu, kwa sababu kwetu nyumba yenye vumbi hutaiombea. Dalali alipowaona wanashuka, vitenge juu ya makoti, alifumba macho kidogo. Kisha akasema, "Hata mamangu angekuja na watu," akafungua mlango.

Mama naye alikuwepo. Mwenyekiti alimpigia simu ya video tangu mlangoni, akawa anamtembeza nyumba nzima, mkono ameunyoosha mbele. Ilikuwa mara ya kwanza Mama kuiona. Mimi nilikuwa nimemsimulia tu, picha nilimnyima, nikiogopa kumwonyesha kitu ambacho huenda tusikipate. Alilisifu jiko. Akauliza jua linaingilia upande gani. Akasema rangi ya sebule ni ya hospitali lakini atavumilia. Kisha Mwenyekiti akasema, "Haya Mama, sasa twende chumbani kwako," akaanza kushuka ngazi.

Tulisikia kabla ya kuona. Sauti ndogo, kama ya kitunguu kinachokaangwa kwa moto wa chini. Halafu harufu, ya nguo zilizosahauliwa kwenye ndoo. Halafu Mwenyekiti, aliyekuwa mbele, akakanyaga kapeti na maji yakamrukia miguuni.

Chumba kizima kilikuwa kimelowa. Bomba la bafu lilikuwa limepasuka ndani ya ukuta. Baada ya ule ukaguzi wa Januari kulikuwa na mtu wa benki wa kuyafunga maji na kuyamaliza kwenye mabomba, maana nyumba haina mtu wala joto. Hakufanya. Baridi ikaja, maji yakaganda, bomba likapasuka, kisha zikaja zile siku za joto la kudanganya za Februari, barafu ikayeyuka na maji yakapata njia. Ukuta wa jipsam ulikuwa umevimba kwa chini kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Nilikaa kwenye ngazi, nikalia. Siwezi kusema nilifanya jambo lolote la maana. Nilikuwa naiona Pasaka, namwona Mama uwanja wa ndege kwenye kiti cha magurudumu, anasukumwa na mtu asiyemjua, na mimi nimebaki upande huu nampungia mkono. Dalali alipita mbio akaenda kufunga koki kubwa ya maji. Akarudi viatu vinalia kwaka kwaka. "Madam, wacha ni-call watu wa benki," akasema. "Ningojeni hapa." Akatoka hadi kwenye gari lake. Hakusema tusiguse kitu, na baadaye tulibishana sana juu ya hilo.

Akina mama walikuwa wamejipanga kwenye ngazi na mifagio yao. Kisha sauti ya Mama ikatoka kwenye simu.

"Mnatazama nini?"

Mwenyekiti akakung'uta maji mguuni.

"Nauliza, wanawake wazima mmesimama mnayatazama maji, mnadhani yatajiondokea yenyewe? Mwenyekiti, nigeuze niuone ule mlango. Haya, ufungueni. Hilo kapeti litoke nje kabla halijaozesha ukuta."

"Mama," nikasema, "nyumba bado si yetu."

"Ni ya nani?"

"Ya benki."

"Iko wapi hiyo benki? Mbona siioni?"

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wahenga hawakukutana na akina mama wa kanisa letu. Kulikuwa na dada mmoja Mkongo wa Bukavu, mpole, kanisani hata matangazo hayasomi kwa aibu, lakini kazi yake ni usafi wa maofisi na buti la gari lake ni stoo. "Mama iko na raison," akamuunga mkono kwa upole uleule. "Tutoshe iyi tapis kwanza, mayi itafwata." Na alikuwa ameshainama, anavuta pembe ya kapeti. Wengine wakatumwa garini kwake, wakarudi na ndoo na madekio ya kutosha hoteli. Makoti yakavuliwa yakarundikwa magotini kwangu, maana mimi nilikuwa bado nimekaa. Vitenge vikafungwa viunoni, wimbo ukaanzishwa, na kazi ikaanza.

Mama aliisimamia yote. Mwenyekiti aliegesha simu dirishani ili aone chumba kizima, naye akawa anaelekeza. "Kona ile. Hapana, ile nyingine. Usiyasukume maji ukutani, yavute kuja kwako. Wewe wa kilemba cha njano, umechoka, mpe mwenzako." Sauti ile nilikuwa sijaisikia tangu augue. Ndiyo sauti iliyokuwa ikiendesha misiba na harusi za mtaa mzima nilipokuwa mtoto, ya mtu akisema sufuria kubwa iletwe, inaletwa. Mwishowe iliniinua hata mimi. "Na huyo mwanangu aliyekaa kama bibi harusi, mpeni dekio," ikasema. Nikapewa dekio, na nikadeki.

Kapeti lilikunjwa likaburutwa nje na wanawake saba au wanane wakihesabiana pumzi. Liliacha mto njia nzima, ikabidi tudeki upya.

Dalali aliporudi alikuta sakafu ya saruji inang'aa, mlango wa vioo uko wazi, watu wanakamua madekio nje wakimalizia ubeti wa mwisho. Akasimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Madam. Carpet iko wapi?"

"Nje."

"Nani ame-remove?"

Mwenyekiti akanyoosha kidole kwenye simu.

Dalali akakaa kwenye ngazi, palepale nilipokuwa nimekaa mimi. "Hii nyumba ni ya benki," akasema polepole. "Hatujaclose. Kesho wanatuma mtu a-inspect, achukue picha. Nimewaambia kuna maji mob, mingi sana. Sasa maji iko wapi? Watasema tuliingia tukaharibu mali yao. Wanaweza cancel contract, na hatutakuwa na la kusema. Si niliwaambia mningoje?"

"Tumekungoja," akasema Mwenyekiti. "Tukikungoja tukadeki."

"Na kuna mtu alipiga picha?"

Hakuna aliyepiga. Simu zote zilikuwa mifukoni mwa makoti, na moja tu iliyokuwa nje ilikuwa imemshika Mama.

"Mwanangu," simu ikaita kutoka dirishani.

Dalali akainuka, akaiweka tai sawa. "Shikamoo, mum." Wakenya wengi wa kwao hawana desturi ya shikamoo, lakini hofu nayo ni mwalimu wa lugha.

"Marahaba, baba. Usiwagombeze hao. Nimewatuma mimi. Huyo mtu wa benki akija, mwambie aniulize mimi."

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na nilikuwa karibu kuwapa wale akina mama shukrani ya punda. Walikuwa wamelowa miguu kwenye baridi ile kwa ajili yangu, wengine walikuwa wanaingia kazini jioni hiyohiyo, na mimi moyoni nasema, kwa nini msingekaa nyumbani kwenu? Kabla sijaondoka dalali alikuwa amenivuta kando akaniambia njia ya salama: benki ikileta ukorofi tujitoe, turudishiwe amana tuliyotanguliza, tutafute nyumba nyingine msimu wa joto. Msimu wa joto Mama angekuwa Tukuyu. Nikamwambia hapana, na sikumwambia kwa adabu. Akasema, "Sawa, madam," wala hakuninunia. Nalikumbuka hilo kwa shukrani kila nikimwona mtu amevaa tai.

Mama nilimkuta ameketi kitandani, macho yamemkaa vizuri. Alikula chakula chote, akaomba nyongeza ya mboga. Hakuuliza kama tumejiharibia. Aliuliza kama mlango wa vioo ulifungwa vizuri, na nani alibaki na ndoo za watu.

Usiku ule baridi ilirudi na kulala juu ya Laurel nzima. Asubuhi mtu wa benki akaja, mzee mmoja Mmarekani mwenye glavu nene na sura ya mtu aliyekwisha kuona nyumba nyingi zilizoachwa. Akashuka chumba cha chini. Akaitazama sakafu kavu, akautazama ukuta, akauliza maji yako wapi. Dalali akaanza kueleza kwa Kiingereza kirefu, akiyapanga maneno kama mtu anayepanga mayai. Yule mzee akainua mkono kumtuliza, akatoka kwa mlango wa vioo, akaliendea kapeti kwenye majani.

Lilikuwa limeganda. Maji yote ambayo madekio hayakuyapata yalikuwa mle ndani, barafu tupu, kapeti limekuwa gogo. Akajaribu kulikunjua, halikukunjuka. Akalipiga teke, likalia ko! Akachuchumaa akachungulia kwenye mkunjo, ambako barafu ilikuwa nene na bado ina vumbi la chumbani. Akauliza nani aliyelitoa hili nje.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote ila hilo. "Mama yangu," nikasema.

Akauliza Mama ana umri gani. Nikamwambia amepita sabini, na ana kiharusi, na hajawahi kufika kwenye nyumba hii, alifanya kazi hiyo akiwa Takoma Park. Akanitazama. Akamtazama dalali, na dalali akatikisa kichwa kukubali, kwa huzuni. Nikaona basi nieleze yote: ghorofa ya tatu, kiti, chumba hiki, simu dirishani. Nilipofika kwenye "Iko wapi hiyo benki?" yule mzee alicheka mpaka akavua miwani aipanguse.

Halafu akafanya kazi yake. Akalipiga picha kapeti pande zote, barafu ikionekana, ushahidi wa maji tuliyoyadeki. Akabandua kipande cha ukuta uliovimba, akapiga picha ufa wa bomba. Alituambia waziwazi kwamba kutoa mali ya benki bila ruhusa ni kosa, na asisikie tumerudia. Kisha akasema maji yale yangelala mle siku chache zaidi, ukungu ungepanda ukuta mzima, na hakuna mkopeshaji ambaye angenipa mkopo kwa nyumba ya namna ile. Aliandika alichokiona, basi. Nimemfikiria mara nyingi mzee yule. Asubuhi ile angeweza kuandika neno moja la uvivu na kutufungia mlango, na kwake isingekuwa kitu, angekwenda zake kunywa kahawa. Sikulijua hata jina lake, lakini katika sala zangu anajulikana.

Majibu hayakuja upesi. Mkopeshaji wangu alisema hatoi mkopo mpaka maji yafanye kazi. Benki yenye nyumba ikasema yenyewe haitengenezi. Na mimi sikuruhusiwa kugusa nyumba isiyo yangu, somo hilo nilikuwa nimeshalielewa. Machi ikaanza, siku ya kusaini ikapita. Dalali alikaa katikati ya watu hao wote akipiga simu kila siku kwa ile sauti yake ya upole, na nadhani ndiyo iliyowachosha. Mwishowe wakakubali watengeneze bomba na kurudishia ukuta, kapeti nijitegemee. Habari ilinifikia kazini. Nilipiga kigelegele katikati ya ukumbi wa chakula, na wazee wangu, bila kujua ni cha nini, wakanipigia makofi.

"Na tarehe?" nikamuuliza.

"Sasa hapo ndio kuna story, madam. Plumber wao ako booked. Watatupea date after Easter. Wiki mbili hivi, ama tatu."

Nilikaa na habari hiyo siku kadhaa. Mama naye hakuuliza, na kutouliza kwake kulinitisha kuliko maswali. Nikamwambia Jumamosi, kesho yake ikiwa ndiyo Pasaka, nikiwa namkanda mguu kwa mafuta kama kila jioni.

"Mama, nyumba tumeipata. Wamekubali watengeneze bomba na ukuta. Ila wamesogeza tarehe, si kabla ya Pasaka."

Huko chini mtu alibamiza mlango wa gari, na kwa mara ya kwanza Mama hakuniambia ni nani. Alikuwa akiutazama mguu wake mikononi mwangu.

"Lete simu," akasema.

Nilijua anampigia yule jirani wa Tukuyu, amwambie afungue madirisha nyumba ipate hewa. Mikono yangu ilikuwa na mafuta, nikaifuta simu kwenye gauni langu kabla ya kumpa. Akawa anatafuta namba kwa kidole cha mkono wa kulia, polepole, na mimi, Mungu anisamehe, sikumsaidia.

Simu ikapokelewa.

"Mwenyekiti," Mama akasema. "Kesho mkitoka ibadani pandeni huku juu, wote. Na yule Mkongo wangu asikose. Benki inaleta mafundi wake kwenye ule ukuta, na mafundi wa benki ndio hao waliotupasulia bomba, mimi siwaamini. Lazima awepo mtu wetu wa kuchungulia hata kama ni kwa dirishani. Halafu tuzungumze sakafu. Kapeti sitaki tena, linakunywa maji."

Akaendelea. Alitaka kujua nani ana gari kubwa, nani anajua kupima chumba, na kama yule wa kilemba cha njano alipona kifua. Nilingoja mpaka alipovuta pumzi.

"Mama," nikasema. "Na Tukuyu?"

"Tukuyu kuna nini?"

"Ulisema Pasaka ikikukuta huku..."

Aliishusha simu kifuani akanitazama kama ananiona leo. "Niende Tukuyu, kile chumba nimwachie nani akisimamie? Wewe? Si ndiwe uliyekaa kwenye ngazi ukilia?"

Nililia tena, palepale, wala sikugeuza uso. Funguo tulikuja kupewa miti ya Laurel ikiwa imeshavaa majani, lakini mimi nikiulizwa tuliipata nyumba lini, husema ilikuwa jioni ile. Niliwashukuru kimoyomoyo wote niliowanunia, mmoja mmoja, na wa kwanza kabisa, sioni aibu kusema, nilimshukuru Mungu kwa bomba lililopasuka. Kisha nikaurudia mguu wa Mama, naye akairudia simu yake, maana Mwenyekiti alikuwa bado yuko hewani.